Nani Atangulie Kusema: Daktari au Tarakilishi?

Ninaandika makala haya nikiwa na deni, na wahenga walishasema kwamba dawa ya deni ni kulipa.

Bila shaka mnaukumbuka mjadala wetu wa muhula wa kwanza. Hoja ilikuwa: "Tarakilishi zitachukua nafasi ya madaktari." Mimi nilikuwa msemaji wa kwanza wa upande uliounga mkono. Tulishinda kwa kura 41 dhidi ya 27. Watu walipiga madawati mpaka mwalimu wa zamu akachungulia dirishani, na jioni ile nilitembea hadi stejini nikijiona wakili mkubwa. Leo nataka kuwaambia kwamba nilishinda kwa hoja mbovu. Aliyeniamsha ni mjomba wangu, ambaye ni tabibu. Tena jambo lenyewe linanihusu mimi binafsi. Tulipoingia kidato cha tatu kila mmoja wetu alichagua masomo atakayofanyia KCSE ya 2027, ile inayotarajiwa kuwa ya mwisho ya mfumo wa 8-4-4, nami nilichagua Biolojia, Kemia na Fizikia ili nije kuwa tabibu. Sasa mtu anayesimama mbele ya wenzake kutetea kwamba kazi anayoitamani itakufa, huyo ana akili timamu kweli?

Kwanza tusafishe maneno, maana hili ni jarida la Kiswahili. Kile ambacho Wazungu hukiita kwa herufi mbili, AI, sisi tunacho kwa majina matatu. Wako wanaosema akili bandia, Watanzania wengi husema akili mnemba, na huku kwetu watu wengi wamezoea kusema akili unde. Nitatumia hilo la mwisho kwa kuwa latokana na kuunda, na kitu chenyewe kimeundwa. Upande wa pili tuna mganga, tabibu na daktari. Mganga ni neno letu la asili, kutokana na kuganga, yaani kutibu. Ndiyo maana twasema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Tabibu lilitoka Kiarabu. Daktari nalo lilikuja kwa meli, na ukilifuata mpaka kwenye Kilatini utakuta maana yake ilikuwa "mwalimu". Hapa Kenya tabibu na daktari si mtu mmoja. Daktari amesoma shahada ya udaktari katika chuo kikuu. Tabibu, au afisa tabibu, aghalabu amesomea diploma ya miaka 3 katika chuo cha mafunzo ya utabibu, na ndiye wengi wetu tunayemkuta tukienda zahanati. Lakini mgonjwa hajali tofauti hizo. Mjomba husema, "Mimi ni tabibu, lakini tangu nianze kazi 2007 sijasikia mgonjwa akiniita jina lingine isipokuwa daktari." Lishikeni neno hilo, nitalirudia.

Sasa, akili unde hufanyaje kazi? Ile ya zamani ilifundishwa kwa kanuni. Katika miaka ya 1970, kwenye Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, kulikuwa na programu iliyoitwa MYCIN, iliyotungwa na Edward Shortliffe. Ilitiwa mamia ya kanuni za namna hii: ikiwa hivi na hivi, basi huenda ni vile. Zote zilihusu maambukizi ya bakteria na dawa za kuyatibu. Ilipopimwa na mabingwa, katika matokeo yaliyotolewa 1979, ushauri wake ulikuwa sawa na wa wataalamu au hata kuupita. Na bado haikuwahi kuingia wodini kufanya kazi! Kwa nini? Sababu zilikuwa nyingi, lakini moja ni hii: daktari alipaswa kuketi akijibu maswali yake, moja baada ya jingine, hata nusu saa nzima, huku mgonjwa akingoja. Daktari aligeuka karani wa mashine.

Ya siku hizi haipewi kanuni, hupewa mifano. Nikikuambia, "Haraka haraka haina...", wewe umeshamaliza kabla sijafunga mdomo. Hukufikiri, umeisikia mara nyingi. Basi akili unde inayozungumza imesoma maandishi mengi kupita kiasi, na kazi yake kubwa ni kukisia neno linalofuata, kama ulivyofanya wewe sasa hivi. Ile ya picha nayo imeonyeshwa maelfu kwa maelfu ya picha zilizokwisha kuandikwa: huyu ana kifua kikuu, huyu hana. Ndiyo maana tangu mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani limekubali programu za aina hiyo zisome eksirei za kifua katika kuwachuja watu wa miaka 15 na zaidi wanaoshukiwa kuwa na kifua kikuu. Uzuri wa mashine hizi ni kwamba hazichoki. Ubaya wake ni kwamba hukisia kwa sauti ileile ya uhakika, ziwe zimepata au zimekosa. Mwanafunzi asiyejua jibu hukuna kichwa na mwalimu akamtambua. Mashine haikuni kichwa.

Silaha yangu katika mjadala ilikuwa Geoffrey Hinton, mmoja wa mababa wa akili unde. Mwaka 2016, akiwa Toronto, alisema watu waache kabisa kuwafunza wataalamu wa kusoma picha za eksirei, kwa kuwa katika miaka 5, au labda 10, tarakilishi itawashinda. Aliwafananisha na yule mbweha wa katuni aliyekwisha kupita ukingo wa genge ila hajatazama chini. Na huyu si mtu wa kupuuzwa. Mwaka 2024 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia pamoja na John Hopfield. Nilipotamka tu "Nobel", upande wa wapinzani ulinywea.

Nilichoacha kusema (na nilikijua, Mungu anisamehe) ni kwamba miaka ile yote imepita na wataalamu hao wangali wanahitajika, tena huko Marekani hawatoshi. Hinton mwenyewe alikiri mwaka 2025 kwamba alisema kwa ujumla mno. Kusoma picha ni sehemu tu ya kazi yao. Ni kweli mashine imeipunguza sehemu hiyo. Huko Uswidi, katika utafiti wa wanawake zaidi ya 80,000 waliopigwa picha za matiti kutafuta saratani, matokeo ya kwanza ya 2023 yalionyesha kwamba mzigo wa kusoma picha ulipungua kwa asilimia 44, na saratani zilizogunduliwa hazikupungua. Asilimia 44 si mchezo. Lakini kila picha bado ilipita mbele ya macho ya mtu. Mimi nilitaja asilimia, nikayaficha macho.

Jumapili iliyofuata, Mjomba alikuja kwetu kula chakula cha mchana. Nikamsimulia ushindi wangu, nikingoja sifa. Yeye akaendelea kumchambua samaki wake polepole. Kisha akasema, "Kwa hiyo mpwa wangu amenizika. Tena kwa kura."

Mama alicheka, lakini Mjomba hakucheka sana. Ndipo akatueleza ambayo hakuwa ametueleza. Kituo anachofanyia kazi kimewekewa programu ya akili unde katika tarakilishi ya chumba chake. Yeye humpima mgonjwa, huandika alichokiona na dawa anayotaka kumpa, na programu husoma maandishi yale kimyakimya. Ikiridhika hutoa rangi ya kijani. Ikiwa na shaka hutoa manjano. Ikiona hatari hutoa nyekundu, na hapo haikuachi uendelee mpaka usome onyo lake.

"Siku moja," alisema, "ilikuwa saa kumi na moja jioni na foleni imefika nje. Mama mmoja ameniletea mtoto wa miaka 2 anayekohoa. Nikaona ni mafua tu, nikaandika dawa ya mafua. Nyekundu! Eti sikuandika mtoto anapumua mara ngapi kwa dakika. Nilihisi kama mwalimu amenipiga kalamu nyekundu mbele ya wazazi. Na yule mama aliiona ile rangi. Akaniuliza, 'Kwani kompyuta inasemaje?'"

Mjomba alimfunua mtoto shati, akaitazama saa yake ya mkononi dakika nzima, akahesabu. Pumzi 52. Wale mliochukua Biolojia mnaweza kuliandika hili mahali: kwa mtoto wa mwaka 1 hadi asiyefika miaka 5, akiwa anakohoa, pumzi 40 au zaidi kwa dakika ni pumzi za haraka, na ni dalili ya nimonia. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi asiyefika mwaka ni 50. Mtoto hesabiwa akiwa ametulia, wala si akilia. Basi Mjomba akabadilisha dawa, na mtoto akapona.

"Sasa niambie," akaniuliza, "aliyemtibu mtoto yule ni nani? Kuhesabu pumzi nilifundishwa mwaka wa kwanza chuoni. Mashine haikuniongezea elimu, ilinikumbusha nilichoruka kwa haraka. Lakini yule mama aliporudi wiki iliyofuata, hata salamu hazijaisha, aliniuliza tena kompyuta inasemaje. Miaka yote hii watu huuliza daktari amesemaje."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na ugali mdomoni, nikautumia kama kisingizio.

Hapo ndipo nilipoona kwamba katika mjadala tulibishana juu ya kazi tu, kama kwamba daktari ni jembe na tarakilishi ni trekta. Hatukugusa kitu kinachoitwa utambulisho. Mtu akiitwa daktari kwa miaka 19, jina lile huwa mgongo wake. Humfanya aamke usiku akigongewa mlango. Akianza kuhisi kwamba yeye ni mdomo tu wa kupitishia maneno ya mashine, ataendelea kupokea mshahara, naam, lakini je, ataamka?

Mjomba hakutaka tuondoke na hadithi moja. Alitupa ya pili. Mzee mmoja mwenye kisukari alikuja mara ya tatu na sukari yake iko juu vilevile. Kadi inaonyesha amepewa dawa kila mwezi. Programu ilitoa manjano na kushauri kipimo cha dawa kiongezwe. Kwa yaliyoandikwa, ilikuwa sahihi kabisa! Ila Mjomba alimtazama mzee, akamwona anavyomtupia binti yake jicho kila akiulizwa swali. Akamtuma binti nje akalete maji ya kunywa. Mlango ulipofungwa, mzee akasema kweli yake. Mkewe pia ana kisukari, pesa za dawa ni za mtu mmoja, kwa hiyo vidonge wanagawana. Binti hajui, na mzee hataki ajue. Sasa fikiria kipimo kingeongezwa, kisha siku moja mzee akavimeza vyote peke yake. Dawa ile ikizidi hushusha sukari mpaka mtu akazirai. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Mashine husoma kilichoandikwa, na siri ya mzee haikuwa imeandikwa popote.

Siku zilizofuata nilianza kusoma mambo haya kwa bidii kuliko nilivyosoma kwa ajili ya mjadala. Nikaja kujua kwamba programu ya namna ileile ilifanyiwa utafiti mkubwa papa hapa nchini. Zahanati za Penda Health jijini Nairobi zilishirikiana na kampuni ya OpenAI ya Marekani, na matokeo yakatolewa Julai 2025. Waliangalia ziara 39,849 za wagonjwa katika zahanati 15. Matabibu wengine walikuwa na programu, wengine hawakuwa nayo. Waliokuwa nayo walifanya makosa machache zaidi ya kutambua ugonjwa, pungufu kwa asilimia 16, na makosa ya tiba yakapungua kwa asilimia 13. Wagonjwa walipoulizwa baadaye kama wamepata nafuu, tofauti kati ya makundi mawili haikuwa kubwa kiasi cha kumfanya mtu aape. Tena tukumbuke kwamba mwamba ngoma ngozi huivuta kwake, na mwenye mashine alikuwa mmoja wa wapimaji. Lakini hata ukitoa hilo, makosa kupungua ni jambo la kushangilia. Sisi ndio tunaoketi kwenye foleni zile.

Mambo mawili ndani ya utafiti huo yalinivutia kuliko asilimia. La kwanza, kuleta mashine hakukutosha. Mwanzoni maonyo mengi mekundu yaliachwa hivyo hivyo, mpaka matabibu walipoelimishwa na wenzao na kufuatiliwa kwa karibu. La pili, wale waliokuwa na programu walianza kujirekebisha hata kabla haijawaonya. Kalamu nyekundu iliwafunza. Kumbe pale mashine ndiyo iliyokuwa "daktari" kwa maana ile ya Kilatini!

Mtu atasema, basi tatizo liko wapi? Udaktari na vyombo vipya si jambo la leo. Mwaka 1816 huko Paris, daktari René Laennec aliona haya kuweka sikio lake juu ya kifua cha msichana mnene aliyekuwa mgonjwa wa moyo, akakunja karatasi kuwa bomba na kusikilizia hapo. Ndivyo stethoskopu ilivyozaliwa, na leo mtu akiivaa shingoni hata mtoto mdogo husema huyo ni daktari. Mashine ya jana imekuwa kitambulisho cha leo. Nilipomwambia Mjomba hivyo alifikiri kidogo, akasema, "Lakini stethoskopu hunipa sauti tu. Jibu nalitoa mimi." Akarudi kwenye chai yake. Mimi niliona hapo ndipo penye kiini.

Ninawapeleka sasa Polandi, nchi ya Ulaya, kwa sababu huko kulitokea jambo lililonitia hofu kuliko maneno yote ya Hinton. Kuna kipimo cha utumbo mpana ambapo daktari hutumia kamera ndogo iliyo mwisho wa mpira mrefu. Ashakum si matusi, mpira huo huingizwa kwa njia ya haja kubwa. Daktari hutazama kioo akitafuta vinyama vidogo vilivyoota, ambavyo vikiachwa vinaweza kugeuka saratani. Kuanzia mwishoni mwa 2021, vituo vinne vya Polandi vilipewa akili unde inayotazama pamoja na daktari. Ikiona kinyama hukizungushia alama papo hapo kwenye kioo. Jambo zuri, sivyo?

Watafiti wakauliza swali la werevu: je, madaktari hawa wakifanya kipimo bila mashine, wako vilevile? Walilinganisha vipimo visivyo na mashine vya miezi 3 kabla haijaja na vya miezi 3 baada ya kuzoeleka. Matokeo yalichapishwa Agosti 2025. Zamani katika kila wagonjwa 100 madaktari walikuwa wakiwapata na vinyama hivyo kama 28. Baada ya kuizoea mashine, siku ambazo haikuwapo waliwapata kama 22. Na hawa hawakuwa wanafunzi! Walikuwa madaktari 19, kila mmoja ameshafanya vipimo zaidi ya 2,000. Watafiti walitahadharisha kwamba huenda kuna sababu nyingine pia, na ni haki kusema hivyo. Hata hivyo mimi niliposoma nilijiona mwenyewe.

Maana nina aibu yangu. Likizo iliyopita tulipewa hesabu za moli za Kemia. Nilikuwa nasoma swali, nachukua simu ya dada, napiga picha, jibu linakuja na hatua zake zote. Kila mara nilijiambia, "Ndiyo, hata mimi ningefanya hivyo hivyo." Kazi ya likizo ilijaa alama za vyema. Tulipofungua, mwalimu akatupa jaribio, nikapata 9 kati ya 30. Mkono ulikuwa umenakili likizo nzima, kichwa kimelala. Nasikia wenzangu wengi mmecheka hapo. Chekeni tu, maana najua simu zenu.

Linganisha sasa zile mashine mbili. Ya Nairobi inamwacha tabibu afikiri, aandike, ajitie kitanzi kwa maandishi yake mwenyewe, ndipo inasema. Ya Polandi inasema daktari akiwa bado anatazama, na jicho hujifunza kungoja. Zote mbili ni akili unde, zote mbili zinasaidia siku ambayo zipo. Tofauti ni nani anayetangulia kusema. Akitangulia mtu, mashine huwa mwalimu anayesahihisha. Ikitangulia mashine, mtu huwa mwanafunzi anayenakili, hata awe na shahada tatu. Hoja hii hamkuisikia kwangu siku ya mjadala kwa sababu sikuwa nayo.

Mjomba hajasoma utafiti wa Polandi mpaka nilipompelekea, ila tayari alikuwa na sheria yake. Wanafunzi wa utabibu wanaokuja kituoni kwa mazoezi huwapa kipande cha karatasi. Kila mgonjwa akitoka kupimwa, mwanafunzi huandika kwa kalamu anachodhani ni ugonjwa gani na kwa nini, kisha ndipo anaruhusiwa kugusa tarakilishi. Mmoja alilalamika kwamba hiyo ni kazi mara mbili na wakati umeendelea. Mjomba akamjibu, "Stima ikipotea, mgonjwa hapotei naye." Wala si stima peke yake. Huko Thailand, akili unde ya Google ya kuchunguza macho ya wenye kisukari ilipopelekwa katika zahanati, zaidi ya picha moja katika kila tano ilikataliwa na mashine. Vyumba vile havikuwa na mwanga kama wa maabara ilikofundishiwa. Wauguzi ndio waliobaki wakiwaeleza watu kwamba inabidi waende hospitali nyingine, na pengine ni mbali, na pengine jicho halina shida yoyote.

Liko na hili la jina chini ya karatasi. Hapa Kenya tabibu hafanyi kazi bila kusajiliwa na kupewa leseni. Akikosea, yuko wa kumwita na kumuuliza. Mashine haina leseni ya kunyang'anywa, wala haitamkuta mama wa mtoto sokoni Jumamosi. Mjomba humkuta. Anasema baada ya yule mtoto wa pumzi 52, alikuwa akipita mtaa ule akimtafuta kwa macho, mpaka siku alipomwona akikimbiza kuku.

Sitaki kuwadanganya mara ya pili, kwa hiyo niseme na upande mwingine. Kuna mahali katika nchi hii ambapo kutembea mpaka kwa tabibu ni safari ya siku nzima. Mwenye simu huko akiiuliza mashine kwanza, nani atamlaumu? Nilimuuliza Mjomba kuhusu hilo, naye akanyamaza kwa muda mrefu. Alisema tu kwamba asiye na daktari hawezi kuambiwa angoje daktari atangulie. Halafu akasema anaogopa kwamba wenye kupanga mambo watayaona hayo na kusema, basi, simu zatosha, tabibu wa nini? Hapo sijui jibu, na nadhani hata yeye hajui. Kwa leo ninashika kile nilichokiona: daktari aliyepo asifundishwe kungoja.

Kuhusu yule mama wa swali la kompyuta, Mjomba ameshapata la kumwambia. Alipokuja mara ya tatu, Mjomba aliandika kwanza, akaja kijani. Akakigeuza kioo upande wa mama na kumwambia, "Nimesema hivi, na kompyuta imekubaliana nami." Anadai mama alicheka. Mimi nadhani aliyecheka zaidi ni yeye.

Nimekwisha kumwandikia mwenyekiti wa chama kuomba mjadala urudiwe muhula ujao, nami niwe upande wa wapinzani. Amesema hoja haiwezi kurudiwa neno kwa neno, kwa hiyo nimependekeza mpya: "Daktari aandike kwanza, tarakilishi iseme baadaye." Mjomba amesema atakuja kusikiliza ikiwa hatakuwa na zamu siku hiyo. Ameniuliza kama wageni wanaruhusiwa kupiga kura. Nimemwambia nitauliza.